Tao la Tatu

Vidato ni themanini na viwili. Shikeni kamba,
vyuma vimeliwa na chumvi, msiviegemee.
Mna muda wa saa mbili na nusu. Nasema hivi kila siku,
kwa Kihispania, kwa Kifaransa cha kuokoteza, kwa vidole:
maji yamekupwa, ila hayajaenda mbali,
yako pale nyuma ya mwamba, yanavuta pumzi.

Kushoto, ufa wa upepo. Paza sauti,
ukuta utakujibu kwa lafudhi ya kwenu.
Kulia, pango lenye paa la kuvu kijani
na uzi mmoja wa maji baridi unaochuruzika
kutoka malishoni kwa Xurxo. Una ladha ya ng'ombe. Usinywe.
Lile tao la kwanza ni refu kuliko kanisa letu;
padri hapendi niliseme hili, lakini nimepima.
La pili limebinuka mgongo, lasikiliza mchanga.

"Na la tatu?"

Wote huuliza. Hunionyesha kadi ya posta,
senti themanini dukani kwa Maruxa,
ambaye ana maboksi kumi na moja stoo,
aliagiza mengi mwaka ule ule, nani angejua.
Kwenye kadi bado limesimama,
jua likipenya katikati yake
kama uzi kwenye tundu la sindano.

Lilianguka Februari, usiku wa bamvua.
Mimi nilikuwa nimelala fofofo.
Mama alikuwa macho, akishona soksi za kuvalia buti.
Alilisikia. Si kishindo, anasema,
bali kama mtu aliyebeba gunia kutoka mbali
na sasa anaponda magoti polepole kulishusha.
"Limetua," akasema. Akazima taa.

Asubuhi walikuja watu wa mkoa na utepe wa njano,
wakapima, wakaandika, wakavuta sigara.
Maruxa alilia. Alizililia kadi, akalililia na tao,
maana chini yake alibusiwa mara ya kwanza
na kijana ambaye sasa yuko Uswisi na hapigi simu.
Kiangazi kile bwana mmoja alidai arudishiwe fedha zake.
Nikamwonyesha tiketi: bei, sifuri.

Mwaka wa kwanza yale mawe yalikaa matupu,
meupe kama fizi la mtoto linalootesha jino.
Kisha mwani. Kisha, mwaka wa nne au wa tano,
zikaota persebe,
vile vidole vyeusi vyenye kucha za kuku
ambavyo matajiri wa Madridi huvila Krismasi
bila kuuliza vimetoka wapi, na nani alilowa.

Tazameni kule, mbele kabisa, povu linapopasuka.
Mnamwona mama mwenye koti la rangi ya chungwa?
Kamba imemzunguka kiunoni,
ncha ya pili anayo shangazi Carme, juu, miguu kaitanua.
Huteremka kati ya wimbi na wimbi,
hukwangua mara tatu, nne, huruka nyuma.
Ana miaka sitini na mmoja. Bahari hajaipa kisogo hata siku moja;
hata kanisani hukaa ubavu ubavu, akiangalia mlango.

Wanainua kadi, wanalinganisha,
wanatafuta juu, pale penye hewa tupu,
shakwe mmoja akipita palipokuwa na jiwe.
"Tao liko wapi, Brais?"
"Amelikanyaga," nawaambia.

Wengine hucheka. Mmoja, binti wa miaka kama tisa,
hakucheka; alimpungia mama mkono.
Mama hakumwona. Alikuwa anahesabu mawimbi.

Filimbi. Maji yamegeuka, pandeni,
msikimbie, miamba ina utelezi.
Vidato ni vile vile themanini na viwili.
Vikavu, sasa hivi, ni sabini na tisa.